Mbuga, twiga, ndovu au msitu: likizo hii uwapeleke wapi watoto Nairobi?

Kuna watoto waliozaliwa Pumwani, wakalelewa Umoja au Kawangware, wakaingia sekondari, na hawajamwona twiga ila kwenye kitabu cha shule. Twiga wenyewe wako Lang'ata. Simba nao wako nyuma ya ua, kando ya barabara ambayo watu wa Rongai huipita kila asubuhi wakienda kazini. Jambo hili huniuma. Wageni hupanda ndege kuja kuona vitu ambavyo sisi wenyeji tunavipita tukiwa ndani ya matatu, na shule zikifunguliwa mtoto hana la kusimulia isipokuwa katuni alizotazama.

Mzazi akiuliza aende wapi, hutajiwa majina kwa mpigo: Nairobi Park, Safari Walk, Giraffe Centre, kwa ndovu wa Sheldrick, Karura, Arboretum. Yote husifiwa, na kweli yanastahili sifa. Tatizo ni kwamba hayamfai kila mtoto, wala hayafai kila mwezi. Familia hujinyima, ikakodi gari na kulipa viingilio, kisha mtoto wa miaka mitatu akalala njia nzima na kuamka wakati wa kurudi nyumbani.

Kwa hiyo usianze kwa kuuliza mnyama gani yuko wapi. Anza na mtoto mdogo kabisa katika msafara wako. Anaweza kukaa kitini kwa muda gani? Anatembea umbali gani kabla ya kuomba kubebwa? Anaweza kungojea kitu ambacho huenda kisitokee? Ukishapata majibu, tazama likizo ni ya mwezi gani. Hapo orodha itabaki na majina mawili matatu tu.

Lango moja, safari mbili

Kwenye lango kuu la Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS), Barabara ya Lang'ata, ndipo familia nyingi husimama zikishauriana: tuingie mbugani kwa gari, au tutembee kwa miguu Safari Walk?

Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilitengwa mwaka wa 1946, ikawa ya kwanza nchini Kenya. Ina kilomita 117 za mraba. Pande zake tatu zina ua, lakini kusini, kuvuka Mto Mbagathi, iko wazi kuelekea nyanda za Athi na Kapiti, na wanyama huingia na kutoka. Humo mna simba, chui, nyati, twiga, pundamilia, pofu, kongoni, mbuni, na vifaru weusi kwa weupe. Kwa mtu wa Nairobi anayetaka kumwona kifaru mweusi porini na bado arudi nyumbani kwa chakula cha mchana, sijui mahali pazuri kuliko hapa. Ndovu hakuna, kwa kuwa eneo ni dogo mno kwa mnyama anayehitaji kuzurura mbali. Waambie watoto hilo mapema, usije ukaulizwa ndovu wako wapi kuanzia langoni hadi jioni.

Mbuga haimwahidi mtu chochote. Simba anaweza kuwa amelala nyuma ya kichaka kilicho karibu na gari lenu na msimwone. Mtaendesha mkiona nyasi, kisha kongoni wawili, kisha nyasi tena. Mtoto wa miaka kumi akipewa darubini na kazi ya kutafuta, muda huo ndio utamu wenyewe. Anajifunza kutazama masikio ya swala. Anaona pundamilia wote wamegeuza vichwa upande mmoja, anakwambia upunguze mwendo, na mara nyingine anakuwa amesema kweli. Mtoto wa miaka mitatu hana haja na hayo yote. Yeye anaona mkanda unaombana na dada yake aliyekalia upande wenye dirisha zuri. Tena hairuhusiwi kushuka garini ila katika sehemu chache zilizotengwa, kama Impala, Kingfisher na Mokoyeti, pamoja na madimbwi ya viboko ambako mnatembea mkiwa na askari wa wanyamapori. Anayebanwa na haja katikati ya nyika itabidi avumilie. Kila mtoto na apite chooni langoni, atake asitake.

Safari Walk ni tofauti kabisa ingawa iko papo hapo langoni. Ni njia ya mbao iliyoinuliwa kutoka ardhini, inayopita katika mazingira ya aina tatu: ardhi oevu, savana na msitu. Wanyama wako katika maeneo yao yenye ua na ninyi mnawatazama mkiwa juu. Mtoto anatembea, anasimama, anarudi nyuma kutazama tena, anauliza swali lile lile, na hakuna gari la nyuma linalopiga honi. Nyanya mwenye magoti mabovu naye anatembea kwa starehe, kwa kuwa hakuna mlima wa kupanda. Hapo kuna bongo, yule swala mkubwa wa msituni mwenye rangi ya hudhurungi na milia myeupe ubavuni. Porini, katika misitu ya milima ya Kenya kama Aberdare, inakadiriwa wamebaki chini ya 100. Mtu anaweza kuzunguka mbuga zetu maisha yake yote asikutane na bongo hata mmoja. Ningependa kila mtoto wa Nairobi asimame mbele ya mnyama huyu na aambiwe ukweli huo akiwa bado mdogo.

Kituo cha Wanyama Yatima kiko jirani, kilianza mwaka wa 1964, na hupokea wanyama walioumia au kuachwa na mama zao. Hapo mtoto anamwona simba kwa karibu kuliko mahali pengine popote jijini. Lakini ni vizimba, na watoto wengine huhuzunika. Watakuuliza kwa nini amefungwa. Uwe na jibu: wengine hawawezi tena kuwinda wala kujilinda porini. Pesa zikitosha mahali pamoja pekee kati ya hapo na Safari Walk, mimi huchagua Safari Walk.

Na kati ya Safari Walk na mbuga? Kwa watoto walio chini ya miaka sita, Safari Walk, bila kusitasita. Kuanzia miaka minane, mbuga, na iwe alfajiri. Malango hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na saa mbili za kwanza ndizo zenye thamani, kabla jua halijawapeleka simba kivulini. Wa miaka sita na saba wapime kwa jambo hili: je, anaweza kusikiliza hadithi ndefu hadi mwisho bila kuondoka? Kama ndiyo, mpeleke mbugani.

Kwa vijana wa sekondari ningeongeza kituo kimoja ambacho familia nyingi hupita haraka, nacho ni pale pembe za ndovu zilipochomwa. Mwaka wa 1989 Rais Moi aliwasha moto uliochoma tani 12 za pembe, dunia nzima ikitazama. Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta alichoma tani 105 pamoja na zaidi ya tani moja ya pembe za vifaru. Kijana akisimama mahali hapo utamsikia akiuliza: kwa nini zisiuzwe, pesa zikajenge hospitali? Mwache aulize. Jadilianeni hapo hapo. Mkiinua macho mtaona pia daraja refu la reli ya SGR likikatiza juu ya mbuga, jambo lililopingwa vikali na wahifadhi kabla ya kujengwa. Siku moja ya namna hiyo inamfunza kijana mengi kuhusu nchi yake.

Twiga au ndovu?

Giraffe Centre na kituo cha ndovu cha Sheldrick haviko mbali, vyote viko upande wa Lang'ata, na vyote vinahusu kulisha mnyama. Kwa sababu hiyo watu huviona kama kitu kimoja. Havifanani.

Giraffe Centre ilitokana na juhudi za Jock na Betty Leslie-Melville, walioanzisha shirika lake mwaka wa 1979. Wakati huo twiga wa Rothschild walikuwa wamebaki wachache sana nchini, katika eneo la Soy magharibi mwa Kenya, na ardhi walimoishi ilikuwa ikigawanywa mashamba. Leo uzao wa juhudi hizo uko katika mbuga kama Ziwa Nakuru na Ruma. Ukifika, unapanda jukwaa linalokufikisha usawa wa kichwa cha twiga. Mtoto anapewa chembe za chakula, ananyoosha kiganja, na ulimi mrefu mweusi unakuja kuzichukua. Wapo wanaocheka, wapo wanaolia, na wapo wanaofanya yote mawili kwa wakati mmoja. Mwonyeshe mtoto miguu ya twiga huyu: chini ya magoti hana mabaka, utadhani amevaa soksi nyeupe. Twiga wa Kimasai, ambaye mtamwona mkienda Nairobi Park, ana mabaka yenye ncha yanayoshuka hadi kwato. Mtoto wa miaka mitano akishaijua tofauti hiyo, hatawaacha watu wa nyumbani wapumzike.

Mambo mawili ya tahadhari. Twiga aliyezoea kulishwa akikukuta umesimama karibu naye mikono mitupu anaweza kukupiga kichwa, na kichwa chake ni kizito, kwa hiyo chembe zikiisha rudi nyuma na umshike mtoto mkono. Pili, nawisheni mikono kabla ya kugusa chakula chenu. Kulisha huchosha haraka, na wengi huondoka baada ya muda mfupi tu. Usifanye hivyo. Ng'ambo ya barabara kuna njia ya msituni ya kituo hicho hicho, tulivu, yenye ndege wengi, na huko ndiko mtoto anakomalizia nguvu zake.

Kwa Sheldrick mambo huenda kwa saa. Wageni wa kawaida huingia kuanzia saa tano hadi saa sita mchana, basi, na ni lazima uwe umeweka nafasi mapema. Katika likizo za Agosti na Disemba usingoje wiki ya mwisho. Shirika lilianzishwa mwaka wa 1977 na Daphne Sheldrick kwa kumbukumbu ya mumewe David, mlinzi mkuu wa kwanza wa Tsavo Mashariki. Ndovu wachanga huja mbio na walezi wao, wananyonya maziwa kwenye chupa kubwa, kisha wanaanza kugaragara kwenye matope na kusukumana. Wakati huo mgeni anasimuliwa kila mmoja alitoka wapi: huyu mama yake aliuawa na majangili, huyu alitumbukia kisimani, huyu aliachwa wakati wa ukame.

Ndani ya kituo hicho kuna hadithi ambayo mimi huipenda kuliko zote, na msimulie mtoto kabla hamjafika. Ndovu mchanga hawezi kuishi kwa maziwa ya ng'ombe. Daphne alijaribu kwa miaka mingi, wakafa wengi mikononi mwake, hadi akapata mchanganyiko wenye mafuta ya nazi ambao uliwakubali. Ndovu hawa hulishwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na mlezi hulala nao bandani. Walezi hubadilishana zamu ili mtoto wa ndovu asimng'ang'anie mtu mmoja akaja kuugua kwa majonzi siku ambayo mtu huyo hayupo. Wakikua wanapelekwa Voi na Ithumba huko Tsavo, au Umani katika msitu wa Kibwezi, wakazoee pori polepole hadi wajiunge na makundi ya mwituni. Hapa basi unyama wa binadamu na huruma yake mtoto anaviona siku moja.

Lakini ni saa nzima ya kusimama nyuma ya kamba, katikati ya umati, jua likiwa utosini. Mtoto wa miaka miwili ataona migongo ya watu, kisha ataomba maji, kisha ataomba kwenda nyumbani. Hadithi zenyewe, ambazo ndizo nusu ya thamani ya mahali hapo, zitampita. Kwa hiyo wa miaka miwili hadi mitano waende kwa twiga. Kuanzia miaka sita waende kwa ndovu. Mkiwa na wote wawili nyumbani na gari mnalo, hii ndiyo safari mbili ambazo naona zinabebeka kwa siku moja: ndovu saa tano, chakula, kisha twiga alasiri.

Kinachonisumbua ni ile siku nzima inayouzwa kwa watalii, ambapo mbuga ni alfajiri, ndovu saa tano, twiga mchana, na duka la vinyago jioni. Mgeni anayeruka kesho yake hana la kufanya. Wewe unaishi hapa. Mbuga itakuwepo Agosti, itakuwepo Disemba. Mpe mtoto mahali pamoja na umwache apamalize.

Pale ambapo mtoto anaruhusiwa kukimbia

Sehemu zote nilizotaja zina kasoro moja: mtoto anatazama, hachezi. Msitu unamruhusu kukimbia.

Karura ina zaidi ya hektari 1,000 na ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1932. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu zake zilianza kugawiwa wajenzi wa kibinafsi. Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miti, na Januari 1999 alipigwa hadi akatoka damu kichwani. Msitu ulibaki. Mwaka wa 2004 alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Ukipita chini ya miti hiyo na watoto, ukakaa kimya juu ya historia hii, umewanyima haki yao.

Njia za Karura zina urefu wa zaidi ya kilomita 50, na njia panda zake zimewekwa nambari, hivyo mtoto anayejua kusoma anaweza kupewa ramani na kuwaongoza. Kuna maporomoko ya maji, kuna mapango, kuna baiskeli za kukodi langoni. Kima mtawaona, mbega mkibahatika kwa mikia yake mirefu myeupe, na mara nyingine pongo anayevuka njia na kutoweka. Hakuna simba wala nyati, ndiyo maana unaweza kumwachia mtoto atangulie. Safari ya kwenda maporomokoni na kurudi inahitaji miguu imara. Mwenye mtoto wa kubebwa mgongoni atafute uwanja wa kupumzikia karibu na lango, atandike leso, asijitese.

Arboretum, karibu na Ikulu, ni ndogo: hektari 30 hivi. Ilianzishwa mwaka wa 1907 kujaribu miti ya kigeni itakayotoa kuni za kuendeshea treni, na leo ina aina zaidi ya 350 za miti. Kwa mtoto anayejifunza kutembea inashinda Karura, kwa sababu nyasi ziko hatua chache kutoka langoni na mtu wa mjini anaweza kufika kwa miguu. Hasara yake ni msongamano wa Jumapili, vikundi vya makanisa na vya chama vikitafuta kivuli. Nenda siku ya kazi wakati wa likizo. Na hapo kima wamezoea watu kupita kiasi: ukifungua mkebe wa mandazi, tayari wameshakuhesabu. Usiwalishe, na usimwache mtoto ashike ndizi mkononi.

Oloolua, kule Karen, katika msitu wa taasisi ya utafiti wa nyani, ina pango na maporomoko madogo kando ya Mto Mbagathi. Ni tulivu kuliko Karura. Inawafaa wakubwa zaidi kuliko wadogo.

Likizo ni ya mwezi gani?

Aprili ni masika. Udongo wa Nairobi Park ni mweusi na unanata, na gari dogo linaweza kukwama umbali mfupi kutoka barabara kuu ya mbuga. Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaifahamu: mvua ikinyesha maji yanapatikana kila mahali, kwa hiyo wanyama wala nyasi hutawanyika kwenda nyanda za kusini, na nyasi zilizobaki mbugani huwa ndefu kiasi cha kumficha simba aliyesimama. Kwa hiyo Aprili, mwachie mbuga mwenye gari la magurudumu manne na subira nyingi. Wengine waende kwa twiga mvua ikipumzika, au waende Makumbusho ya Taifa, ambako kuna paa. Hapo watoto wataona mifupa ya Ahmed, ndovu wa Marsabit ambaye Mzee Jomo Kenyatta aliamuru alindwe usiku na mchana na aliyekufa mwaka wa 1974, kisha wateremke kwenye bustani ya nyoka iliyo uwanja huo huo. Mvulana wa miaka saba anayeogopa nyoka na ambaye hawezi kuacha kuwazungumzia atafurahi kuliko ndugu zake wote.

Agosti ni baridi na mawingu, wazazi huona si wakati wa kutoka. Mbugani ndio wakati hasa. Nyasi zimepungua, mito ya nyanda za nje imekauka, na wanyama hurudi kwenye mabwawa ya ndani. Vaeni sweta mbili, bebeni chai ya moto, mwingie alfajiri. Kwa Karura, Agosti asubuhi ni baridi mno kwa wadogo. Ngojeni saa nne.

Disemba jua linarudi na kila mahali panajaa. Ikiwa hamuendi ocha, barabara za jiji zitakuwa nyeupe, lakini tiketi za ndovu na magari ya kukodi hushikwa mapema na jamaa waliokuja kutoka nje. Msitu ndio unaobaki na nafasi.

Pesa, matatu na kikapu cha chakula

Misitu ndiyo nafuu kuliko zote. Mbugani gharama kubwa ni gari, kwa hiyo familia moja ya watu wanne itaona ni ghali, na familia mbili tatu zikikodi gari la utalii pamoja zitaona inawezekana. Tafuta binamu, majirani au watu wa chama. Viingilio vya KWS hulipwa kwa eCitizen, si pesa taslimu langoni, basi lipa ukiwa nyumbani ambako intaneti haikusumbui, na uangalie bei ya siku hiyo maana hubadilishwa. Beba kitambulisho, kwa kuwa raia analipa kidogo kuliko mgeni na utaombwa uthibitishe.

Bila gari, Safari Walk ndiyo rahisi zaidi: matatu za Rongai zinakushusha karibu na lango. Kwa twiga, panda za Karen zinazopitia Hardy, kisha mtembee au mchukue teksi kipande kilichobaki. Karura inafikika kwa za Ruaka na Banana upande wa Barabara ya Limuru, au za Kiambu upande wa pili. Watu wa Kasarani na Ruiru wasijilazimishe kuvuka mji hadi Lang'ata kila mara. Karura iko jirani yao.

Chakula kitoke nyumbani: chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, viazi vitamu. Lakini maji yasiwe kwenye chupa ya plastiki ya dukani. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi katika mbuga na misitu iliyolindwa, na mikoba hukaguliwa. Kila mtoto awe na chupa yake ya kudumu.

Kama ningekuwa ninawapangia ninyi

Mama mwenye watoto wa miaka miwili na minne, bila gari: Safari Walk, asubuhi ya katikati ya wiki, na kurudi nyumbani kabla ya saa saba. Akibakiwa na siku nyingine, Arboretum.

Babu aliyekuja kutoka kijijini, na wajukuu wa umri wa kila namna: mbuga kwa gari, kwa sababu ndiyo safari pekee ambayo babu na kijana wa kidato cha pili wataifurahia sawasawa wakiwa wamekaa. Yule mdogo wa miaka mitatu abaki na shangazi, naye apelekwe kwa twiga siku nyingine. Si dhambi kuigawa familia mara mbili. Ni afadhali kuliko kumburuta mtoto ambaye hataki.

Vijana wawili wa miaka 13 na 15 wanaosema hawataki kwenda popote: Karura, baiskeli, na uwaache mbele yako mita mia moja.

Na binamu kutoka Mombasa wakija Agosti, watoto wote wakiwa zaidi ya miaka minane, usiwapeleke madukani. Kodisheni gari pamoja, muwe langoni saa kumi na mbili kamili, muwatafute vifaru kwanza kabla ya simba, mnywe chai Kingfisher saa tatu, na muwe mmetoka kabla ya jua kali. Gari liwekwe mapema wiki hiyo, na mwombe lenye paa linalofunguka, watoto waweze kusimama.